KILA UGONJWA UNA BINGWA WAKE
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Rugera



Kikundi hoyee! Akina mama hoyee! Na akina baba waliotuunga mkono, nao hoyee!

Habari za fedha mtazisoma kwenye kurasa za Mweka Hazina. Historia yetu ameiandika Katibu. Sisi kwa upande wetu tumepewa nafasi ya kusema jambo moja tu, na kamati imeona jambo hilo liwe la madaktari. Tunajua wapo watakaoshangaa na kusema, kikundi cha kuweka na kukopa na madaktari wapi na wapi? Jibu liko ndani ya daftari la mikopo. Mkopo wa ada ya shule unarudi. Mkopo wa maharage na ndizi unarudi. Mkopo wa mbuzi unarudi, hata kama mbuzi amechelewa kuzaa. Mkopo unaorudi kwa machozi ni mmoja tu, nao ni wa ugonjwa. Siyo kwamba mama aliyekopa ni mkaidi. Fedha ya ugonjwa haizai, ndiyo sababu.

Kamati ilikaa ikalipitia daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, tukaulizana: fedha hii ilikwenda wapi hasa? Tukakuta kwamba sehemu kubwa haikuliwa na dawa. Ililiwa na kutangatanga. Mgonjwa wa jicho amekwenda kwa mtu wa tumbo. Mgonjwa wa mfupa amekaa wiki tatu akinunua vidonge vya maumivu. Mwingine amepanda gari hadi mjini, akafika siku ambayo daktari anayehusika hayupo, akalala gesti, akarudi nyumbani na fedha imekwisha. Hapo tukasema, basi, lazima tufahamu madaktari wamegawana vipi kazi yao. Mwenye kuuliza njia hapotei.

Ndugu wanachama, kugawana kazi siyo jambo geni kwetu. Kikundi chetu kina Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wahesabu fedha wawili, na wenye funguo watatu. Hakuna siku Katibu alifungua sanduku peke yake. Tena Karagwe hii ilikuwa na wahunzi waliojulikana mbali, na vyombo vya chuma vya ikulu ya Bweranyange bado vinatajwa katika historia. Mhunzi hakuitwa kusuka kikapu, wala mkunga hakuitwa kufua mkuki. Hata kwa waganga wa zamani alikuwepo wa kuunga mifupa, alikuwepo wa watoto, na alikuwepo mama wa kuzalisha. Wazungu hawakutuletea wazo hilo. Hospitali imelipanua tu.

Sasa daktari anapatikanaje? Kijana akimaliza kidato cha sita na masomo yake ya sayansi, anasoma udaktari chuo kikuu miaka mitano. Halafu anafanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Akifaulu, anasajiliwa na Baraza la Madaktari. Huyo tunamwita daktari wa kawaida, anajua kidogo cha kila kitu, na ni mtu muhimu sana. Akitaka kuwa bingwa, anarudi darasani tena miaka mitatu au zaidi, anasoma tawi moja tu. Na akitaka kuzama zaidi, kwa mfano kutoka upasuaji wa kawaida hadi upasuaji wa moyo, anaongeza miaka mingine, huyo anaitwa bingwa mbobezi. Ukijumlisha, bingwa mmoja anachukua karibu miaka kumi tangu aingie chuo. Ni umri wa kikundi chetu hiki! Tangu siku ile tulipoweka hisa ya kwanza hadi leo tunapokula pilau, ndipo mtu mmoja anapoiva kuwa bingwa. Ndiyo maana ni wachache, na ndiyo maana wengi wako mijini.

Tuyapitie sasa hayo matawi, tena tuyapitie kama mtu anavyojikagua mwilini mwake, kuanzia juu kwenda chini.

Kichwani tunaanza na bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Yuko anayetibu kwa dawa, kama mtu mwenye kifafa au aliyepooza upande, na yuko anayepasua, kama mtu aliyepasuka kichwa kwa bodaboda. Kifafa jamani siyo pepo, na povu lake haliambukizi. Ni ugonjwa wenye vidonge vyake. Jirani yake ni bingwa wa magonjwa ya akili. Nchi hii ina hospitali ya magonjwa hayo ya Mirembe kule Dodoma tangu mwaka 1927, lakini siku hizi mgonjwa haanzii Mirembe, huduma hiyo inatolewa hata kwenye hospitali za mikoa. Na mama aliyejifungua akaanza kulia bila sababu, halali, hamtaki mtoto, huyo naye ni wa daktari huyu. Asisemwe kwamba ana roho mbaya.

Macho yana bingwa wake. Mtoto wa jicho, yaani lile wingu jeupe kwa wazee, hautibiwi kwa kumwagia maji ya majani. Ni upasuaji mfupi na mzee anaona tena. Yuko bingwa wa pua, koo na masikio, mmoja kwa vyote vitatu, kwa sababu njia zao zimeungana. Muhimbili, mwaka 2017, walianza kuwawekea watoto viziwi kifaa cha kusikia kwa upasuaji ndani ya sikio, kazi ambayo zamani watoto walipelekwa nje ya nchi. Na kinywa na meno vina madaktari wao wenye chuo chao, maana jino bovu likiachwa usaha unashuka hadi shingoni na kuua.

Tukishuka kifuani tunamkuta bingwa wa moyo. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Mtoto anayezaliwa na tundu kwenye moyo, anayechoka akinyonya na midomo yake inabadilika rangi, mahali pake ni huko. Kifua kikuu nacho kina wataalamu wake, na hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro imekuwa ikikitibu tangu miaka ya 1920. Lakini hapo tusitangetange, dawa za TB zinapatikana karibu nasi, na ni bure.

Tumboni kuna mambo mengi. Bingwa wa magonjwa ya ndani ndiye anayeshika presha, kisukari, ini, vidonda vya tumbo na mengine yasiyohitaji kisu. Bingwa wa upasuaji anashika yanayohitaji kisu, kama ngiri, kidole tumbo na utumbo uliojisokota. Figo zina wao. Mwezi Novemba mwaka 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikafuata. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Njia ya mkojo pia ina bingwa wake. Akina baba mliopo hapa, huyo ndiye wenu mkiona mnaamka mara tano usiku na mkojo unatoka kwa shida. Msione haya kwenda. Sisi wake zenu tunaamka pamoja nanyi, tunajua.

Mifupa ina mabingwa wake, na kwa nchi nzima ipo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Ngozi nayo ina mabingwa. Mwaka 1992 kilifunguliwa chuo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kinachofundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko huko wanatengeneza mafuta ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino dhidi ya jua. Mtoto mwenye ualbino anahitaji madaktari wawili tangu akiwa mdogo, wa ngozi na wa macho. Kofia peke yake haitoshi.

Halafu wapo wa watoto. Mtoto siyo mtu mzima aliyepunguzwa. Dawa yake inapimwa kwa uzito, na ugonjwa wake unakwenda mbio. Ndiyo maana wakawekewa bingwa wao. Siko seli, ambayo ipo sana katika kanda yetu hii ya ziwa, ingali inawaua watoto ambao wangeweza kukua. Ukiona mtoto anavimba vidole, analia viungo, macho ya njano, damu inapungua kila mara, usiseme amelogwa na wifi. Aombewe kipimo cha siko seli.

Na wapo wa magonjwa ya wanawake na uzazi, ambao ndio wetu zaidi. Mimba, uzazi, uvimbe wa kizazi, hedhi isiyokoma, kutopata mtoto, vyote ni vya huyu. Fistula pia, yaani mama kuvuja mkojo au choo baada ya uchungu wa muda mrefu. Fistula inatibika kwa upasuaji. Bugando wanaitibu, na CCBRT ya Dar es Salaam wanaitibu bila malipo. Kama kuna mama au binti amejificha ndani kwa ajili hiyo, kokote kule Karagwe au Kyerwa, mwambieni atoke.

Ndugu Mgeni Rasmi, wako pia madaktari ambao mgonjwa hawaoni, na hatuwataji kwenye shukrani. Yuko bingwa wa usingizi. Mwenye kisu anasifiwa, lakini aliyekaa kichwani kwa mgonjwa akilinda pumzi yake asipokuwepo hakuna upasuaji. Yuko bingwa wa mionzi, anayesoma picha za eksirei na altrasaundi. Na yuko mtu wa patholojia, anayechukua kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa, anakitazama kwenye hadubini, ndipo anaposema hii ni kansa au siyo kansa. Daktari anaposema "tukate kinyama tukapime", msikimbie. Maneno ya mtaani kwamba uvimbe ukiguswa kwa kipimo ndio unasambaa yamewarudisha wengi nyumbani kufa. Bila huyo mtu wa hadubini daktari wa kansa anapiga gizani.

Hapo kwenye kansa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo palipotuuma.

Katika miaka hii kumi tumemzika mwenzetu ambaye jina lake hatulisemi leo kwa heshima ya watoto wake, lakini wanachama wote tunamjua. Alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni na wa mwisho kuondoka. Alianza kutokwa damu isiyokuwa ya hedhi. Kwenye duka moja la dawa akaambiwa ni UTI sugu, akauziwa vidonge. Ikapoa, ikarudi. Akauziwa vya pili, na sindano. Akauziwa dawa ya kusafisha kizazi, chupa kubwa. Mwaka ukaisha. Kikundi kilimkopesha mara tatu, na mara zote tatu fedha ilikwenda dukani. Katika muda wote huo hakuna mtu aliyemlaza kitandani akamtazama mlango wa kizazi. Alipofikishwa kwa bingwa wa akina mama ilichukua dakika chache tu kuonekana. Kinyama kikapimwa, ikawa ni kansa, tena imekwisha kusambaa. Alipelekwa kwenye mionzi akapata nafuu ya maumivu, lakini uzima haukurudi.

Jamani, ugonjwa ule ndio unaoongoza kwa kansa za wanawake katika nchi yetu. Nao una jambo moja la ajabu: unatoa muda. Kabla haujawa kansa, unakaa miaka mingi kama doa tu kwenye mlango wa kizazi. Muuguzi aliyefundishwa anapaka siki, ile siki ya kawaida iliyopimwa, doa likiwepo linageuka jeupe, na linaweza kuondolewa siku hiyo hiyo kwa baridi au kwa joto, bila kulazwa. Kwa hiyo kipimo hiki hakimhitaji bingwa wala safari ya Mwanza. Kinawahusu hasa akina mama wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi na wapime mara kwa mara. Na binti zetu wana chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 wanapewa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Maneno kwamba inaua uzazi siyo kweli. Inamkinga na virusi vinavyoleta kansa hiyo, basi.

Kwa upande wa matibabu, nyumba ya kansa ya nchi hii ni Ocean Road, Dar es Salaam. Sehemu ya majengo yake ilijengwa na Wajerumani, tangu mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Lakini siku hizi Bugando nayo inatoa tiba ya kansa, pamoja na mionzi, kwa hiyo mtu wa Karagwe halazimiki tena kuvuka nchi nzima.

Sasa tuseme juu ya njia, maana kujua jina la bingwa bila kujua njia ni kama kuwa na ufunguo mmoja wa sanduku lenye funguo tatu.

Mlango wa kwanza ni zahanati. Unafuata kituo cha afya. Halafu hospitali za wilaya na zile za mashirika ya dini zilizo karibu nasi: Nyakahanga ya Walutheri, Nyakaiga na Isingiro za Wakatoliki. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bukoba. Juu yake zipo za kanda. Sisi wa ziwa tuna Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na siku hizi ipo pia ya Chato. Mwisho kabisa ni Muhimbili na taasisi zake. Kila ngazi ikishindwa inaandika barua ya rufaa kwenda ngazi ya juu. Barua hiyo siyo karatasi ya kusumbua watu. Inamwambia bingwa umeumwa nini, umepimwa nini, umekunywa dawa gani. Mgonjwa anayeruka ngazi anafika Mwanza bila barua na kuanza upya, vipimo vile vile, gharama mara mbili. Na mwenye bima anaweza kujikuta analipa mwenyewe kwa kuwa hakufuata ngazi.

Tena tusiwadharau wa mlango wa kwanza kwa sababu sasa tumejua majina ya mabingwa. Homa ya malaria, nimonia ya mtoto, mimba inayokwenda vizuri, presha iliyokwisha kujulikana, vyote hivyo vinamalizwa na tabibu na muuguzi wetu hapa hapa. Na watoto wengi wa vijijini waliozaliwa kwa upasuaji katika nchi hii walipitia mikononi mwa madaktari wasaidizi, watu waliosomea kazi hiyo bila kuitwa mabingwa. Wamo watu wazima katika sherehe hii ambao wako hai kwa mikono yao. Tabibu mzuri ni yule anayejua mwisho wa ujuzi wake, akafika hapo akaandika rufaa bila kuona aibu.

Wa kuogopwa ni mwingine. Ni yule anayetibu vyote. Tunawaona siku za gulio, wana kipaza sauti na mashine ndogo. Unashika kichuma, dakika moja anakwambia una figo, ini, uzazi, nguvu za kiume na nyota. Dawa ni moja, inatibu yote, na bei inategemea mfuko wako. Ndugu wanachama, mtu aliyesoma miaka kumi anakwambia "hili siyo langu, nenda kwa mwenzangu." Asiyesoma hata mwezi mmoja anakwambia "yote ni yangu." Mpimeni mtu kwa neno hilo.

Kuna tawi moja zaidi la udaktari ambalo mkoa wetu wa Kagera umelijua kwa gharama kubwa. Ni la wale wasiomtibu mtu mmoja bali jamii nzima, wa afya ya jamii na magonjwa ya mlipuko. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikitoka Uganda kwa njia ya magendo, maana hakuna aliyejua umetoka wapi. Nyumba ngapi zilifungwa? Bibi wangapi walilea wajukuu peke yao? Wakubwa tuliopo hapa tunakumbuka. Ilipofika mwaka 2004 dawa za kufubaza zikaanza kutolewa bure nchini, na leo wamo watu wanaozitumia wakilima na kusomesha, hata katika vikundi kama hiki.

Tena mwaka 2023, mwezi Machi, ugonjwa wa Marburg ukatangazwa Bukoba Vijijini. Watu sita walifariki, mmoja wao akiwa mtumishi wa afya, na mwezi Juni ukatangazwa kwisha. Januari 2025 ukarudi Biharamulo, watu kumi wakapoteza maisha, na Machi ukatangazwa kwisha. Ugonjwa ule hauna huruma, na ungeweza kufika hadi kwetu. Haukufika. Wale watu wa mlipuko walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: mgonjwa alikaa na nani, alizikwa na nani, alisafiri na gari gani? Maswali hayo yaliudhi wengi, lakini ndiyo dawa yao. Mtu akija kuuliza hivyo, ajibiwe ukweli.

Ndugu wanachama, tumefika mahali pa kuamua. Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo yafuatayo, na yatapigiwa kura katika mkutano mkuu.

Kwanza, tutenge Mfuko wa Rufaa, ukae mbali na mfuko wa mikopo na mbali na mfuko wa misiba. Fedha yake isikopeshwe biashara. Itoke kwa mwanachama au mtoto wake mwenye barua ya rufaa mkononi, kwa ajili ya nauli, chakula, na mtu mmoja wa kumsindikiza. Wapo wenzetu waliosema, na walisema kwa heshima, kwamba kikundi hiki ni cha kuweka na kukopa, siyo hospitali, na kwamba anayetoka kwenye nyumba isiyougua atakuwa anawachangia wengine siku zote. Hoja hiyo ni ya haki na tumeijadili usiku hadi usiku. Jibu letu ni kwamba mfuko wa misiba tunauchangia wote, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hajafiwa vya kutosha. Kama tunaweza kuchanga fedha ya sanda, basi tuchange ya nauli kwanza.

Pili, kila mwanachama apate bima ya afya kadiri itakavyowezekana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tutamwalika mtaalamu atueleze, tuulize maswali yote, ndipo tujiunge tukiwa tumeelewa.

Tatu, tuwe na siku moja kila mwaka ya kwenda kupimwa kwa pamoja: mlango wa kizazi, matiti, presha na sukari. Mtu akienda peke yake anaona haya. Tukienda thelathini na vitenge vyetu vya kikundi, haya inabaki nyumbani.

Nne, Katibu aweke daftari la mabingwa. Aandike nani yuko hospitali gani, na kliniki yake ni siku gani. Aandike pia siku ambazo mabingwa wanatembelea wilaya zetu. Mwaka 2024 Wizara ya Afya ilianza kuwapeleka mabingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa kambi za siku chache, wa uzazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani na usingizi. Kambi kama hiyo ikija na sisi hatuna habari, imetupita bure.

Na kwa wenye wagonjwa wa Mwanza, barabara imekuwa afadhali kuliko zamani. Tuna lami ya Kyaka hadi Bugene, na tangu mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, magari hayasubiri tena kivuko. Wazazi wetu walibebwa kwa machela, zile ambazo majirani zetu wa Ankole wanaziita engozi, na watu wa engozi walikuwa ni chama kama chetu: leo unambeba wa fulani, kesho wanambeba wako. Mfuko wa Rufaa ndio engozi yetu. Imebadilika tu kuwa ya noti.

La mwisho ni juu ya binti zetu. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alibobea katika magonjwa ya watoto, na ni mmoja wa waliokianzisha Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, mwaka 1987. Madaktari wa chama hicho wamezunguka mikoani wakipima akina mama matiti. Alikuwa mtoto wa kike kama hao mnaowaona wakicheza pale nje. Sisi wengi tuliosimama mbele yenu tuliishia darasa la saba, lakini mikopo ya ada tumeilipa. Msichana wa Rugera akipenda baiolojia na kemia, asiambiwe kwamba ni masomo ya wavulana, wala asitolewe shule kwa ajili ya mahari. Miaka kumi inayokuja itapita kama hii iliyopita, akisoma au asiposoma. Tunaomba katika sherehe ya miaka ishirini asimame hapa mmoja aseme: mimi ni mtoto wa kikundi hiki, na mimi ni bingwa wa akina mama.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa haya machache tunawashukuru nyote waliotuchangia mahema, viti, ndizi na kuni, na wauguzi wetu waliosoma karatasi hii kabla haijachapwa na kuturekebisha majina ya kitaalamu. Mwenye swali asiondoke nalo, wapo hapa hadi jioni.

Mungu awabariki. Kikundi hoyee! Umoja hoyee! Uzembe wa kutopima, zii!